Ndimu Kwanza, Polishi Baadaye

Nyumba nyingi ninazoitwa huku mtaani Kwa Mathias zimejengwa kidogo kidogo kwa miaka, na jiko ndilo lililomaliziwa kwa pesa ya mwisho. Kaunta ya jiwe ni fahari ya mwenye nyumba. Ndiyo maana huniuma nikikuta imepoteza mng'ao mapema, na mara nyingi kilichoiharibu si mapishi, ni usafi.

Kabla sijafungua begi la vifaa naomba ndimu. Nadondosha tone moja kwenye kipande kilichobaki au nyuma ya bomba pasipoonekana, nasubiri dakika chache, nafuta, kisha namulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Pakiwa pamefifia, hiyo ni marumaru, hata kama dukani waliiuza kwa jina la graniti. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini, na asidi huila chokaa. Graniti ni ya ukoo wa majabali ya Mwanza na Dodoma. Ndimu haiiwezi, ila ina vitundu vidogo sana na hunywa mafuta. Fundi asiyejua ameshika jiwe gani hana haki ya kulitibu.

Wenye maji ya kisima yenye chumvi wanaujua ule ukoko mweupe unaojijenga kuzunguka bomba. Dada wa kazi huambiwa autoe kwa siki au dawa ya choo. Kwenye marumaru, ukoko na jiwe ni chokaa vyote viwili, kwa hiyo kinachoula ukoko kinaula na uso wa kaunta. Kwenye graniti naukwangua kwa wembe nilioulaza, taratibu, maji ya sabuni yakiwa juu. Kwa usafi wa kila siku, sabuni laini ya vyombo, maji na kitambaa kikavu vinatosha.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa huzuni, "Fundi, jiwe langu limeoza?" Pembeni ya jiko la gesi, pale anapoweka dumu la mafuta ya kula, palikuwa na duara jeusi lisilotoka kwa kusugua. Nikamwambia, "Halijaoza mama, limekunywa." Doa la namna hiyo halisuguliwi, linanyonywa. Nilichukua udongo mweupe wa kaolini, aina ile ile iliyomo kwenye vilima vya Pugu kwa jirani zetu wa Kisarawe, nikaukanda kwa asetoni mpaka ukawa kama uji mzito. Gesi imefungwa, madirisha wazi, maana asetoni hudaka moto upesi. Nikaupaka juu ya doa, nikaufunika kwa nailoni na kubandika kingo zake kwa utepe wa gundi. Siku ya pili nikafunua, nikauacha ukauke kabisa. Unapokauka ndipo unapoyavuta mafuta juu. Doa zito hudai kurudiwa, na mteja lazima aambiwe hivyo mapema.

Marumaru iliyoliwa na asidi haiponi kwa dawa. Hapo ni kuisaga upya kwa pedi za almasi: kama imechimbika naanzia namba 50, halafu 100, 200, 400, 800, 1500 hadi 3000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka moja, mikwaruzo itajitokeza jua la asubuhi likiingia dirishani. Wapo wanaopaka nta wakalipwa wakaondoka. Mng'ao wa nta hauna maisha, na mimi nauita udanganyifu.

Baada ya kupolishi, jiwe liachwe likauke vizuri ndipo lipakwe sila, dawa ya kuziba vile vitundu vyake. Kipimo chake ni rahisi: mwaga maji kidogo, subiri robo saa. Jiwe likiwa jeusi chini yake, linahitaji sila. Yakibaki juu yamejikusanya, liache. Sila iliyozidi ifutwe kabla haijakauka, la sivyo inaacha ukungu.

Jambo moja nalisema katika kila nyumba. Vumbi la graniti lina silika, na silika ikikaa mapafuni huyakaza na kuyafanya yapate kifua kikuu kwa urahisi. Mapafu yakishakazwa hivyo hayarudi. Mawe ya kiwandani ya kwatsi yana silika nyingi zaidi, na Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024. Vijana wanaokata mawe makavu kwa grainda, kitambaa kimefungwa puani, wanavuta hiyo silika kila siku; hawatumii maji kwa sababu yanachafua na kazi inachelewa. Mwenye nyumba, wewe ndiye unayelipa. Mwambie fundi akate kwa maji na avae barakoa halisi ya vumbi, hata kama uani patajaa tope. Asipokubali, tafuta mwingine.