Gari la umeme lenye mbio: lingefika Karuba?

KARUBA, Masisi. Siku hizi vijana wetu wa moto, wakati wanangojea abiria kando ya barabara, wanaangalia kwenye simu video za magari ya umeme yenye mbio kali. Hapo mabishano yanaanza. Mmoja anasema hilo ndilo gari la kesho. Mwingine anasema ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Wa tatu anauliza kama lingeweza kupanda kutoka Sake mpaka hapa kwetu wakati wa mvua. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo leo natoa maoni yangu.

Tuchukue mfano wa Tesla Model S Plaid. Lina nguvu ya farasi zaidi ya 1,000, na kutoka kusimama mpaka mwendo wa kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde 2 na kidogo tu. Ni kazi kubwa ya mafundi, sikatai. Lakini sekunde hizo hapa kwetu zitatumika wapi? Kwenye matope yetu, Fuso iliyopakia viazi inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na shofere anashukuru Mungu ikiwa haikukwama.

Tena gari hilo lina uzito wa zaidi ya tani 2, na betri yake imelazwa chini ya sakafu. Tumbo lake liko karibu na udongo. Kwenye lami ni jambo zuri, kwa sababu gari linashika barabara. Kwetu, jiwe moja la njiani linaweza kugonga betri, na betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari.

Kisha kuna umeme wenyewe. Betri ya gari kama hilo inaweka karibu kilowati-saa 100. Ukiichaji kwenye waya wa kawaida wa nyumba, ule wa volti 220 na ampea 10, utangoja saa 45 hivi, bila umeme kukatika hata mara moja. Na wale wanaotumia sola? Paneli moja ya wati 300, ikipata jua zuri la saa 5 kwa siku, inatoa kilowati-saa 1.5. Kujaza betri hiyo kutachukua zaidi ya miezi miwili. Basi kwa mtu wa kawaida wa Karuba, gari la mbio la umeme halifai leo.

Lakini tusitupe kila kitu. Kile kinacholipa gari hilo mbio ndicho kile ambacho milima yetu inahitaji. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haihitaji kupiga kelele kwanza kama mashine ya esanse. Pia haichoki kwa sababu ya mwinuko. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na milima mingi ya Masisi inapita mita 2,000. Mashine ya esanse isiyo na turbo inapoteza karibu 10 kwa mia ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua. Mota ya umeme haivuti hewa.

Na kuna kuteremka. Gari la umeme likishuka, mota inageuka kuwa kama dinamo: inashika gari na kurudisha umeme ndani ya betri. Tani moja ya viazi ikishuka mita 500, uzito wake peke yake una nguvu ya karibu kilowati-saa 1.4. Sehemu inapotea, lakini sehemu kubwa inaweza kurudi. Sisi tunashusha mizigo mizito kila siku: viazi, maharage, jibini, mbao. Watu wa chukudu wanajua siku nyingi kwamba mlima unasaidia mwenye mzigo anaposhuka. Leo nguvu hiyo yote inaishia kuchoma frein.

Kwa hiyo, mwendeshaji wa kila siku kwetu ni nani? Ni motari. Yeye ndiye anayepeleka mama mjamzito hospitalini usiku, mwalimu kazini, mchuuzi sokoni. Mwulize jioni: pesa ya kwanza inayotoka mfukoni mwake ni ya esanse. Esanse hiyo inatoka mbali, inapita mipaka, na barabara ikifungwa kwa sababu ya vita, chupa inapanda bei siku ile ile. Nauli inapanda pia, na mgonjwa asiye na pesa anabaki nyumbani. Kwake yeye, hili si jambo la mbio.

Moto ya umeme inatumia betri ndogo, ya kilowati-saa 3 hivi. Ile paneli moja ya sola ingeijaza kwa siku mbili. Paneli sita zingeijaza kwa saa chache. Kule Kigali, kampuni ya Ampersand imefanya kazi hiyo tangu 2019: motari anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaendelea na safari baada ya dakika chache. Na sisi mito tunayo. Kiwanda cha umeme cha Matebe, huko Rutshuru, chenye megawati 13 hivi, kilifunguliwa Desemba 2015, na umeme wake unafika Goma. Haujapanda huku kwetu.

Jambo la mwisho linaniuma. Rubaya ni jirani yetu. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba karibu 15 kwa mia ya tantali ya dunia inatoka pale. Inaingia ndani ya simu, kompyuta na vifaa vya elektroniki vya magari. Kobalti ya betri nyingi inatoka Kolwezi. Vijana wetu wanabeba magunia mgongoni ili mtu mwingine aende mbio, nao wanabaki wakisukuma moto kwenye matope.

Siku wenye miradi watakapokuja kutuuliza tunataka nini, tusiombe gari la video. Tuombe barabara inayopitika wakati wa mvua, waya wa umeme kutoka Sake, na kituo kimoja cha kubadilisha betri za moto hapa Karuba. Hayo matatu yakipatikana, hata Fuso ya umeme tutaipokea.