Kulwa na Doto, na lugha isiyohesabu wawili

Wengi huijua Butimba kwa chuo chake cha ualimu na gereza. Asubuhi, hata hivyo, kituo cha daladala kwenye barabara ya kwenda Nyegezi huwa cha kina mama wanaowahi kliniki, mtoto mgongoni, kadi mkononi. Mwenye mapacha hajifichi: mmoja kambeba yeye, mwingine yuko kwa shangazi.

Hapa ni Usukumani, na majina ya mapacha hayaumizi kichwa. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume. Atakayezaliwa baada yao ni Shija, kwa hiyo hata mdogo wao hubeba katika jina habari kwamba walitangulia wawili.

Kiswahili hakina uangalifu huo. Kinajua mmoja na wengi, basi. "Wamelala" yaweza kuwa watoto wawili au darasa zima.

Waslovenia wa Ulaya wana "sisi" ya watu wawili tu, midva, na nyingine ya wengi, mi. Warusi, ndugu zao wa lugha, waliiacha kawaida hiyo zamani. Waarabu wanayo, na wazee wa pwani waliazima masalia yake: mia mbili waliita miteen, elfu mbili elfeen.

Kona moja tunayo. Mama akimwambia mtoto mmoja "twende", safari ni ya watu wawili. Akiwaambia Kulwa na Doto, husema "twendeni". (Mtaani, kweli, wengi husema "twende" hata kwa umati.)

Shida huja usiku, homa ikipanda. Baba anarudi kazini, anauliza, "Wameshakunywa dawa?" Bibi anajibu, "Wamekunywa." Hasemi uongo, ametoa dozi mbili. Lakini sura zinafanana, taa ni hafifu, na huenda Kulwa kanywa zote mbili, Doto hajaonja. Dawa ya homa hupimwa kwa uzito wa kila mtoto, na parasetamoli ikizidi huumiza ini.

Ndiyo sababu kliniki kila pacha hupimwa peke yake na kuandikiwa kadi yake. Nyumbani, mzazi, karatasi yenye majina mawili na saa ya dawa inatosha. Na swali lenyewe liulizwe mara mbili: Kulwa amekunywa saa ngapi? Doto je?