Dawa ya Shamba Niliyoiingiza Chumbani

Nilipuliza dawa ya shambani ndani ya nyumba wanamolala wanangu. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenidanganya. Nilitaka kuua wadudu wanaonuka, na nilikuwa na haraka.

Wadudu wenyewe unawajua kama una kihamba au bustani ya mboga. Ni wa kijani, bapa, wana umbo la ngao, na ukimshika mmoja anaachia harufu inayokaa vidoleni hata baada ya kunawa. Huku kwetu Kibosho, mlimani juu ya mji wa Moshi, wengi tunawaita kunguni tu, ingawa hawanyonyi damu wala hawalali kitandani. Chakula chao ni maji ya mimea: maharage, nyanya, mboga. Msimu ule, kila taa ya barazani ilipowashwa walikuja kwa wingi, wakapenya kwenye mwanya kati ya ukuta na mabati, wakashuka kwenye mapazia na kwenye nguo zilizotundikwa. Mmoja tulimkuta ndani ya sufuria ya ndizi. Mke wangu alikuwa akiwafagia. Mimi niliwaponda kwa kandambili, na kila niliyemponda aliizidisha harufu.

Mimi nimekulia kwenye kahawa. Nyumbani kwetu bomba la kupulizia lilitundikwa stoo pamoja na jembe na panga, na tulilizoea hivyo hivyo. Baba alipiga mrututu kuzuia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na antestia wakizidi alipiga dawa ya wadudu. Antestia ni ndugu wa hawa wa kijani. Yeye ana rangi nyeusi yenye mabaka ya chungwa na meupe, na hufyonza punje changa za kahawa hadi zikaoza ndani au zikadondoka kabla ya kukomaa. Kwa familia iliyosomesha watoto kwa kahawa, mdudu yule alikuwa anakula ada ya shule, na dawa yake kila mtu aliijua. Kwa hiyo nilipowaona ndugu zake sebuleni sikuona sababu ya kuuliza mtu. Dawa iliyowaua wale ingewaua na hawa. Hapo nilikuwa sahihi. Sikujiuliza ingemfikia nani mwingine.

Nilikwenda kwa kaka yangu, akanimiminia kiasi kwenye chupa ya maji ya kunywa. Sikuomba kuiona chupa yake yenye lebo. Nilichanganya kwa kukadiria, halafu nikaongeza kidogo ili ifanye kazi vizuri. Watoto wakubwa walikuwa shule, mdogo alikuwa kwa bibi yake, na mama yao alikuwa ameshuka Moshi mjini. Nikapuliza dari, fremu za madirisha, nyuma ya kabati, chini ya vitanda. Nikamalizia barazani, tulipokuwa tumeegemeza maharage ukutani yakauke, kwa sababu huko ndiko walikojaa zaidi. Kisha nikafungua madirisha, na baridi ya jioni ilipoanza kuteremka kutoka mlimani, nikayafunga.

Mke wangu aliporudi aliisikia harufu mlangoni.

"Baba watoto, hii dawa haina madhara?"

"Haina," nikamjibu.

Sikuwa najua. Nilijibu tu.

Usiku ule, yule mtoto mdogo alianza kutapika. Mate yalimtoka bila kukoma, jasho likalowesha shuka, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa mpaka zikabaki nukta. Tangu arudi kutoka kwa bibi yake, jioni nzima alikuwa amecheza sakafuni, kama watoto wa umri wake wanavyocheza, vidole vikitoka chini na kwenda mdomoni. Jirani alituteremsha hospitali kwa gari lake.

Daktari alimtazama macho, akauliza amegusa nini. Nikasema dawa ya wadudu. Akauliza, dawa gani? Nikampa ile chupa. Akaigeuza akitafuta maandishi. Maandishi yalikuwepo. Yalisema ni maji safi ya kunywa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hadi dakika ile nilikuwa bado najiambia kwamba pengine mtoto amekula kitu kwa bibi yake, au ni homa ya kawaida. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mtu anayejaribu kumwokoa mwanangu, na sikuwa na jina la kitu nilichokipuliza chini ya godoro lake. Sikujua kipimo. Sikujua hata kama ni ya kahawa au ya nyanya. Nilikuwa nimeridhika kwamba inaua.

Nilimpigia kaka, akaingia stoo akanisomea lebo kwa mwanga wa simu: klopirifosi. Daktari alikuwa amekwisha kuanza kumpa atropini kwa kufuata dalili. Baadaye alinieleza kwa utulivu, nami naeleza kama nilivyoelewa. Dawa za kundi hilo, organofosfati, huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Kisipofanya kazi, tezi na misuli havipati amri ya kupumzika: mate yanatiririka, kifua kinajaa, pumzi inakuwa nzito. Njia inayomuua mdudu ndiyo hiyo hiyo inayomdhuru mtoto. Na shambani kuna jua, mvua na upepo wa kuivunja. Chumbani inabaki kwenye godoro na kwenye vumbi la sakafu. Marekani iliamua mwaka 2000 kuiondoa klopirifosi kwenye karibu matumizi yote ya nyumbani, na hofu kubwa ilikuwa watoto.

Mwanangu alipona. Kuku waliodonoa wadudu waliodondoka barazani walikufa. Maharage yote tuliyafukia, nayo yalikuwa chakula chetu mpaka vuli pamoja na sehemu ya ada. Magodoro tuliyatupa. Bili ya hospitali niliilipa kwa kukopa. Mke wangu alikaa na watoto kwa mama yake huku mimi nikisugua kuta na sakafu kwa maji ya sabuni, na hajawahi tena kulipokea neno langu kuhusu dawa bila kuisoma chupa mwenyewe. Ana haki.

Na taa ya barazani ilipowashwa tena, wadudu walikuja.

Safari hii nilimwita bibi shamba, afisa ugani wetu, na alipofika hakuangalia dari. Aliuliza tuling'oa maharage lini, na tuliyaanika wapi. Wadudu wale walikuwa wamejificha kwenye mashina, nasi tukawabeba mikononi hadi ukutani. Wengine, shamba lilipobaki tupu, walifuata taa. Tiba yake haikuwa na bomba. Maharage yaanikwe kwenye turubai mbali na nyumba. Mwanya wa chini ya mabati uzibwe, madirisha yawekwe wavu. Taa ya nje isiwashwe bila sababu. Wanaobaki wakusanywe asubuhi na mapema, wakiwa wazito kwa baridi, wasukumiwe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Hapo wanazama na harufu haisambai. Hata kwenye kahawa, alinikumbusha, antestia hupenda mti uliosongamana, na kupogolea hutangulia dawa. Jambo hilo hufundishwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, si mbali na kwetu. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na miti yangu ilikuwa imesongamana.

Wadudu wale hawaumi na hawaambukizi ugonjwa. Kosa lao lilikuwa harufu.

Ninakuandikia wewe mwenye stoo kama yangu, uliyelizoea bomba tangu utoto. Nenda ukaangalie chupa zako leo. Isiyo na lebo usiipulize, usimgawie ndugu, na usiihifadhi kwenye chupa ya maji wala ya soda. Yenye lebo, soma ni ya zao gani. Kama nyumba haikutajwa, isivuke kizingiti. Ukikuta usichokielewa, muulize afisa ugani, au ofisi ya TPHPA, mamlaka inayosajili viuatilifu nchini. Na mtu akidhurika, mkimbize hospitali na chupa yenye lebo mkononi. Daktari ataiulizia.