Wavu Unaonasa Kidogo Kuliko Tundu Lake



Ndugu wazazi na wanafunzi, tumeulizwa suala na mzee wa mwanafunzi mmoja wa chuo chetu hapa Kismayo. Jamaa zake walioko Uingereza wamesikia kuwa watoto wanakohoa darasani, wakataka kutuletea mashine ya kusafisha hewa. Mzee akauliza: kichujio kile kinazuiaje moshi, ilhali moshi hupenya hata kwenye nguo? Na je, tuipokee? Tumeona tujibu hapa ili faida iwafikie wote.

Sisi watu wa Koyama, Chovai na Chula tumelelewa na nyavu. Tunajua samaki aliye mdogo kuliko tundu huenda zake. Kwa hiyo wengi hudhani kichujio ni wavu wenye matundu madogo mno. Sivyo. Ni msitu wa nyuzi nyembamba zilizopandana ovyo, na nafasi baina yake nyingi ni kubwa kuliko chembe zinazonaswa. Hunasa kwa njia tatu.

Kwanza, chembe nzito kama vumbi. Hewa ikifika kwenye uzi hupinda na kuuzunguka, lakini chembe nzito haiwahi kupinda. Hugonga uzi ikanata, kama jahazi lililosheheni linaloshindwa kugeuka mbele ya mwamba.

Pili, chembe za wastani hufuata mkondo wa hewa, ila zikipita karibu sana na uzi huugusa, zikanaswa.

Tatu, na hili ndilo la ajabu, chembe ndogo kabisa husukumwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huko hata zikagonga uzi. Hivyo ndogo sana hunaswa kwa urahisi. Iliyo ngumu ni ya katikati, ya karibu maikroni 0.3, na unywele mmoja una upana wa kama maikroni 70. Kwa kipimo cha Marekani, kichujio cha daraja la HEPA hutakiwa kizuie asilimia 99.97 ya chembe hizo, yaani katika 10,000 zipite 3 tu.

Pua zetu hazina uwezo huo. Vumbi kubwa hunaswa puani, nasi huliona likitoka tunapopandisha maji wakati wa kutawadha. Lakini chembe zilizo chini ya maikroni 2.5, ambazo ndizo zilizojaa katika moshi wa kuni, hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5.

Basi, tuipokee mashine? Mashine hiyo hutaka umeme, chumba kilichofungwa, na kichujio kipya kila kinapojaa. Darasa letu liko wazi kwa upepo. Kinachosafishwa hapa huingia tena dirishani. Wala tusitegemee makaa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mwaka 2012 makaa ya Somalia kuuzwa nje, lakini mekoni mwetu hayakuondoka. Moshi wake ni mchache kuliko wa kuni, ila hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kichujio hicho hakiizuii.

Tumewajibu jamaa zetu kwa shukrani: fedha hizo zihamishe jiko lililo chini ya dirisha la chuo, lijengwe mahali ambapo si kaskazi wala kusi itakayorudisha moshi kwa watoto, liwe wazi na lenye bomba la moshi. Wakipenda bado kuleta mashine, iende kwa mtoto mwenye pumu ambaye chumba chake hufungika na umeme upo.

Na tusiwasahau akina mama. Moshi unaowafikia wanafunzi kwa mbali, mama anayewapikia ameinamia juu yake tangu alfajiri. Tuanze kwake.

Wabillahi tawfiq.