Kikombe cha Kaka

Mwaka 1994 kaka yangu alirudi nyumbani Kilwa Masoko akiwa amekonda, ulimi umefunikwa na utandu mweupe. Hata uji ulimshinda kumeza. Tulimtengea kikombe chake, tukihofia kuambukizwa.

Baadaye nilijifunza kwamba utandu ule ni kuvu iitwayo kandida, jamaa ya hamira tunayoumulia unga wa maandazi. Huishi kimya vinywani na matumboni mwa wengi wetu. Kinga ya mwili ikidhoofika, kama kwa UKIMWI, huzaliana, huota nyuzi na kupenya ngozi laini ya kinywa hadi kooni.

Kumbe adui hakuwa kikombeni. Yaelekea hata sisi tulikuwa naye. Kaka alifariki akinywa peke yake, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.