Mwanga wa Ziwani na Mwanga wa Nyumbani

Mwezi uliopita tulitoka hapa Mantapala tukashuka Nchelenge, mpaka Kashikishi, kutafuta samaki. Tuliongozana na watoto. Wale waliozaliwa baada ya kambi kufunguliwa mwaka 2018 walikuwa hawajaliona ziwa Mweru hata siku moja.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Mtoto mmoja aliona mawe chini ya mtumbwi akasema, "Ni hapa tu, magotini!" Tulimdaka mkono anataka kuruka. Tukachovya kasia, wote wakaona kama limevunjika pale linapoingia majini. Kumbe mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda. Maji ya mita 1, ukiyatazama toka juu, yanaonekana kama sentimita 75 tu. Mvuvi mzee akacheka, akasema anayechoma samaki kwa mkuki hulenga chini ya pale anapomwona. Wazazi, tuwaambie watoto: maji yanayoonekana mafupi si mafupi.

Mchangani chisense walioanikwa walimetameta kama bati jipya. Jioni jua likatua ng'ambo, upande wa Kongo, na watu wazima tukanyamaza kidogo. Giza lilipoingia, taa za wavuvi zikajaa ziwani. Zamani walitumia karabai, siku hizi ni taa za betri. Chisense wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unawachota.

Basi njiani tukawaza shiti zetu. Shiti si kama udongo: inapitisha mwanga. Mchana ni raha, ndani kunaonekana bila taa. Lakini usiku ukiwasha taa katikati ya chumba, wewe unakaa kati ya taa na shiti, na mpita njia anakuona kivuli chote, hata unapovua nguo. Akina mama wamelilalamikia jambo hili mara nyingi, na wana haki.

Dawa ni ndogo. Tundika taa ya sola karibu kabisa na shiti ya upande wa njia, ninyi mkae nyuma yake. Vivuli vitaangukia ukuta wa ndani. Ila ni taa ya sola tu! Kibatari au mshumaa ukikaribia shiti, nyumba inawaka.

Jirani yetu alijaribu usiku uleule. Tulizunguka nje kutazama: shiti ilikuwa nyeupe tupu, na ndani tunasikia watu wanacheka.