Usichore namba, chora fomula
Wasee, fremu 8 za milango zilinifunza adabu. Nilizichora kwa kompyuta zikiwa na kina cha milimita 180: ukuta 150, plasta 15 kila upande. Mwenye nyumba akabadilisha mawe, ukuta ukawa 200. Nikarekebisha ukuta, fremu nikasahau. Fundi akakata mbao vile mchoro ulisema. Kufika mjengo akaniuliza, “Kijana, hizi ni za nyumba gani?” Mbao nilizilipa mimi.

Siku hizi siandiki 180 popote. Kina cha fremu ni fomula: unene wa ukuta, jumlisha plasta ya pande zote mbili. Ukuta ukiwa 200, fremu inajipanga 230, dirisha pia. Mimi husahau, fomula haisahau. Wewe bado unajaza namba kwa mkono?